Jinsi ya kuchagua kikosi cha taifa cha kriketi ya ova 50 na kepteni wake: hesabu ova kwanza, majina baadae

Wakuu, ukipewa kazi ya kuchagua timu ya taifa ya kriketi ya siku moja, kabla hujaandika jina la mtu yeyote chukua karatasi uandike 300 juu kabisa. Hiyo ndio mipira halali ambayo timu yako inatakiwa irushe siku hiyo, ova 50 mara mipira sita, na sheria inasema boula (mrushaji mpira) mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10, yaani mipira 60 basi, awe mkali vipi. Kwaiyo hapo hapo ushajua unahitaji watu wasiopungua watano wa kurusha ova 10 kila mmoja, na kwa usalama wako unataka sita au saba, maana siku ya mechi kuna mmoja atapigwa sana na mwingine atakamatwa na msuli wa paja ova ya nne. Watu wengi wanaochagua timu, na hata sisi tunaobishana wikiendi pale viwanja vya Leaders na Gymkhana hapa Dar, tunaanza na wapigaji. Fulani alipiga rani (pointi) 80, fulani alipiga 60, nafasi saba za juu zinajaa ndio watu wanageuka kuulizana sasa nani atarusha, na hapo zimebaki nafasi nne. Mimi nasema geuza. Mpigaji akiwa na siku mbaya anatoka anaenda kukaa kivulini mwingine anaingia. Boula mbaya huna pa kumficha, zile ova lazima kuna mtu azirushe.

Na hii sio habari ya nchi za watu. Timu yetu ya wanaume ya Tanzania ilienda Malaysia mwanzoni mwa 2024 kwenye mchujo ikapita, ikaingia Challenge League, ligi ya kutafuta njia ya Kombe la Dunia, kundi B pamoja na Uganda, Hong Kong, Italia, Singapore na Bahrain, na huko ni ova 50 kamili. Vijana wa chini ya miaka 19 nao mwaka 2025 wakafuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe lao la Dunia la 2026 kule Zimbabwe na Namibia, nako ova 50. Shida ni kwamba siku hizi T20, mechi fupi ya ova 20 kila timu, ndio inachezwa zaidi, na T20 ina mafunzo yake tofauti, mtu anarusha ova nne anapongezwa, anapiga 30 kwa mipira 18 anabebwa juu juu, alafu unampeleka kwenye mechi ya siku moja, ikifika ova ya 23 mpira umechakaa, fildi (wanaozuia na kudaka mipira) imetawanyika, hakuna anayeshangilia, hajui afanye nini. Mechi ya ova 50 inaamuliwa sana kwenye kile kipande cha katikati na ndio maana inataka jicho lake.

Anza na makaratasi, tena mapema. ICC, baraza la kriketi la dunia, wanamruhusu mtu kuchezea nchi kwa njia tatu, awe amezaliwa hapo, au awe raia mwenye pasi ya nchi, au awe ameishi hapo miaka mitatu mfululizo kabla. Dar kuna watu wamekuja kufanya kazi au biashara Upanga na Kariakoo, wanacheza klabu vizuri kabisa, na hiyo njia ya tatu inawahusu. Sasa kuishi miaka mitatu lazima kuthibitike, kibali cha ukaazi, mihuri kwenye pasi, mkataba wa kazi, usisubiri wiki ya safari ndio uanze kumuuliza mtu alirudi lini kutoka likizo. Jingine ni kalenda. Kidato cha nne wanafanya mtihani wa taifa Novemba, kidato cha sita Mei. Raundi ya kwanza ya hiyo Challenge League kundi letu ilichezwa Uganda Novemba 2024, sasa piga picha kijana wako wa miaka 17 anayerusha spini (mpira wa taratibu unaogeuka ukitua) nzuri kuliko wote ana mtihani wa hesabu wiki hiyo hiyo. Lazima ujue hilo miezi kabla, uongee na wazazi na mwalimu mkuu, na kama haiwezekani basi umuache afanye mtihani wake kwa amani na umwambie nafasi yake ipo akimaliza. Walioajiriwa nao, barua ya kuomba ruhusa kazini iandikwe na chama, asiachiwe mchezaji akambembeleze bosi mwenyewe.

Majaribio yawe mechi. Neti (mazoezi ndani ya wavu) inakuonyesha mkono wa mtu tu, kichwa chake hukioni. Panga mechi za ova 50 kamili, hata tatu zinatosha kukupa picha, zianze saa tatu asubuhi, na kama unaweza zipige mwezi Februari wakati jua la Dar na ule unyevu wa baharini vinamkamua mtu kweli kweli. Boula wa kasi anayerudi kurusha ova ya 38 karibu saa sita mchana, shati limeganda mgongoni, na bado mpira wake unatua pale pale ulipokuwa unatua asubuhi, huyo mwandike. Kuna mwingine ova yake ya kwanza ni moto, ya saba anaanza kurusha fupi, ya nane anaomba maji kila mpira. Huyo kwenye T20 anakufaa. Kwenye ova 50 ni deni.

Wapange kwenye timu mbili zenye nguvu sawa, usiweke wakubwa upande mmoja na watoto upande mwingine, maana utajifunza nini hapo zaidi ya kwamba wakubwa ni wakubwa. Weka watu wawili wa kuandika skoa, mmoja kitabu cha kawaida, mwingine anaandika mpira mmoja mmoja: nani karusha, umetua wapi, mpigaji kafanya nini, doti (hakuna rani) au singo (rani moja) au kaponea. Na usiogope kusimamisha mechi ya pili katikati ukawapa mtihani, kwamba sasa mmebakiwa na rani 62, ova tisa, wiketi nne (watu wanne wakitoka mmeisha), endeleeni. Hapo ndipo wapigaji wawili wanatakiwa waongee katikati ya pichi (ile njia ya katikati wanapokimbilia), na wewe unaangalia nani anaongea na nani anaitikia tu.

Kitu kimoja kinaniuma na nitakisema. Kuna vijana wanatoka shule za serikali, kriketi wameikuta shuleni kwenye programu, hawana bati (gongo la kupigia) la kwao, pedi wanaazima, glavu zinawapwaya, na kuna wenye begi la magurudumu lililojaa kila kitu. Kwenye majaribio yule wa kuazima anaingia kupiga na bati zito ambalo hajalizoea, anatoka kwa 8, na mtu anamfuta. Hiyo sio haki. Chama kiwe na vifaa vya saizi tofauti siku hiyo, na kila mtu apate vipindi vya neti wiki nzima kabla na kile kile atakachotumia kwenye mechi. Vilevile nauli. Mtu anayetoka Mbagala na daladala mbili kufika kiwanjani saa mbili asubuhi ameamka saa kumi na nusu, mpe nauli na chai, ndio umlinganishe na aliyeletwa na gari mpaka getini.

Sasa rudi kwenye ile karatasi yako ya 300, na uigawe kwa jinsi sheria ya duara, ule mstari uliochorwa kuzunguka pichi, inavyoigawa mechi. Ova 10 za kwanza ni fildi wawili tu wanaruhusiwa kuwa nje ya duara, ova ya 11 mpaka 40 wanne, ova 10 za mwisho watano. Kwaiyo una kazi tatu tofauti kabisa. Wa kwanza ni wale wawili wa mpira mpya, kazi yao ni wiketi, unaweza kuwavumilia wakipigwa baundari (mpira kufika mpakani) za rani nne mara mbili tatu kama wanamtoa opena (mpigaji wa kufungua) mapema, na hapa ningependa mmoja awe wa mkono wa kushoto kama yupo, pembe inabadilika, mpigaji anatakiwa ajipange upya kila ova. Wa mwisho ni wale wa ova 41 mpaka 50, hao unawapima kwa yoka (mpira unaotua miguuni mwa mpigaji) na mpira wa taratibu uliojificha, na zaidi kwa uso: akipigwa sita (mpira unaovuka mpaka bila kutua) mpira wa kwanza wa ova, wa pili anaurusha wapi? Mwangalie hapo.

Ila walio muhimu kuliko wote kwangu ni wa katikati, zile ova 30. Kwenye viwanja vyetu vya taratibu hizo ni za maspina, warushaji wa spini, na ukiwa na wawili wanaogeuza mpira pande tofauti umeshafika mbali. Usimhukumu spina kwa wiketi tu. Hesabu doti zake, na hesabu mara ngapi mpigaji alilazimika kutoka kwenye krisi yake (mstari wake wa kupigia) kumfuata. Majirani zetu Kenya walitupa funzo kubwa 2003, Kombe la Dunia, Durban, mbele ya Australia ya Ponting. Walimrudisha Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, umri miaka 39, alikuwa ameshastaafu, akarusha ova 8.2, sita kati ya hizo hazikutoa rani hata moja, akachukua wiketi tatu kwa rani 7 tu. Kenya walifungwa mechi ile lakini Karim ndio akapewa mchezaji bora wa mechi. Spina wa mkono wa kushoto asiye na haraka. Kuna mtu aliangalia kazi inayohitajika akaacha kuangalia cheti cha kuzaliwa. Kwaiyo ukiwa na mzee wa miaka 37 anayeibana ligi nzima kwa rani tatu kwa ova usimwambie tunajenga timu ya vijana, mchukue, na umuweke chumba kimoja na spina wako mdogo kwenye safari.

Wapigaji. Hapa kitabu cha skoa kinadanganya sana usipokisoma vizuri. Mtu kapiga 50 kwa mipira 90, mwingine 35 kwa mipira 30, karatasini wa kwanza anaonekana mkubwa. Inategemea. Kama timu ilikuwa imepoteza watatu kwa rani 20, ile 50 ya taratibu ni dhahabu. Kama alianza timu ikiwa 90 bila wiketi, ameiua timu. Mfano ninaoupenda ni fainali ya Kombe la Dunia 1979 pale Lord's, London, zamani ilikuwa ova 60. West Indies walipiga 286, England wakaanza na Brearley na Boycott, wakaweka rani 129 bila kutoka mtu, ukisikia hivyo unasema safi sana. Ila walitumia ova 38. Waliokuja nyuma ikabidi wapige kila kitu, Joel Garner akawafyeka wiketi tano, wote nje kwa 194. Wale maopena wote wawili walipita 50, na ndio walioacha mlima kwa wenzao. Kwaiyo kwa kila mpigaji andika vitu viwili pembeni ya rani zake: alikuta hali gani, na aliacha hali gani.

Namba moja na mbili, tafuta mmoja anayejua kuacha mpira nje ya off, yaani unaopita pembeni ya vijiti vitatu vya nyuma yake, na mmoja anayeitumia ile nafasi ya fildi wawili tu nje. Namba tatu awe fundi, anayeweza kuingia ova ya pili au ya ishirini na asibabaike. Namba nne na tano ndio hapa tunapungukiwa sana, maana wote wanataka kufungua au kumalizia. Hawa kazi yao ni singo. Ova 30 za katikati zina mipira 180, mtu akikuletea singo kwenye nusu yake tu bila kupiga baundari hata moja una rani 90, na kwenye ngazi yetu timu inayopiga 240 inashinda mechi nyingi. Waangalie dhidi ya spini: anafagia (anapiga goti na kulaza bati)? anashuka na mguu? au anasimama anazuia mipira minne alafu wa tano anautupa juu kwa hasira? Na muangalie anavyokimbia rani ya mwenzake, kuna wapigaji wakali wa mipira yao tu, ya mwenzake wanaitembelea. Sita na saba ni wamalizaji, hao uwape ule mtihani wa rani 62 ova tisa mara nyingi uwezavyo.

Kwenye oraunda, mtu wa kupiga na kurusha, kuwa mkali. Oraunda wa kweli ni yule ambaye ukimkataza kurusha bado unampanga kwa bati lake, au ukimkataza kupiga bado unampanga kwa ova zake. Anayefanya vyote nusu nusu atakujazia listi vizuri, na siku ya mechi unagundua una wapigaji wanne na maboula watatu na watu wanne wa katikati. Mmoja kama huyo anavumilika, awe boula wako wa sita. Wanne hapana.

Kipa, kuna mjadala wa siku zote, uchukue mwenye glavu nzuri au mwenye bati? India Kombe la Dunia 2003 walimpa Rahul Dravid glavu ili wapate nafasi ya mpigaji wa saba na wakafika fainali, sasa watu wanatumia mfano huo kumpa glavu mtu yeyote. Dravid alikuwa na mikono ya slipu (wadakaji wa nyuma ya mpigaji, pembeni ya kipa), msisahau. Kwa timu inayotegemea maspina kama yetu mimi nachukua glavu kwanza. Kipa anasimama karibu na wiketi, vile vijiti vitatu, ova 25 mpaka 30, kachi nyembamba (mpira uliogusa bati kidogo tu) moja akiidondosha ni mpigaji aliyebaki na rani 70 mbele yake. Mpime akiwa amesimama karibu, sio akiwa mbali kwa maboula wa kasi, kule nyuma kila mtu anadaka. Na mpime mwishoni mwa ova 50, magoti yameshachoka.

Fildi nitapita haraka sio kwa sababu ni ndogo, ni kwa sababu kila mtu anaijua na hakuna anayeipima. Ipime. Kila mtu mipira kumi ya kudaka juu, kumi ya kuokota na kugonga wiketi moja kwa moja akiwa kwenye kava (mbele pembeni ya mpigaji), kumi ya kurusha toka baundari mpaka kwenye glavu. Andika namba. Wawili wakilingana kwenye kila kitu kingine, mwenye namba kubwa hapa aende. Jonty Rhodes wa Afrika Kusini, Kombe la Dunia 1992, alimtoa Inzamam wa Pakistan kwa kukimbia na kuruka na mpira mkononi akabomoa wiketi, na wakati ule kwa bati alikuwa bado hajawa jina kubwa.

Haya, kepteni.

Chagua kumi na moja wako kwanza bila kuandika C pembeni ya jina la mtu. Alafu angalia wangapi kati yao wana uhakika wa kucheza kila mechi hata wakiwa na wiki mbaya, mara nyingi utapata wanne au watano. Kepteni atoke humo. England waliwahi kumbeba Mike Brearley kwenye mechi za Test (zile za siku tano) kwa akili yake ya uongozi, mechi 39, wastani 22.88, hajawahi kufikisha mia, na alikuwa kepteni kweli kweli. Lakini alikuwa na kina Botham na Willis na Gower wa kumfidia. Sisi hatuna huo utajiri, ukiweka kepteni asiyestahili namba unacheza kumi, na wachezaji wanajua, hata wasiposema.

Wale wanne mpe kila mmoja mechi ya majaribio aiongoze. Wewe chukua kiti, kaa pembeni, na ova 10 za kwanza usiandike chochote, maana mpira mpya na slipu mbili kila mtu anajua kupanga. Anza kuandika ova ya 11. Nitawapa picha moja niliyoiona. Wapigaji wawili wamezoea pichi, ushirikiano umeshapita 70, spina anafagiwa singo singo, mechi imelala. Mechi ya jana yake kwenye hali kama hiyo kepteni alisimama midi-ofu (mbele, pembeni ya boula) anapiga kelele "tupia pale pale, tupia pale pale!" mpaka ova sita zikapita. Huyu wa pili hakupiga kelele. Alimfuata boula, akachukua mpira akausugua kwenye suruali, akamwambia maneno machache, wakati anarudi akamvuta yule fildi wa midi-wiketi hatua kama nne ndani ya duara, akaacha uwazi mkubwa nyuma yake. Mpigaji kwa mara ya kwanza ndani ya ova nyingi akainuka, akageuka kuangalia fildi yote upya kabla hajakaa kwenye bati lake. Hicho ndicho nilichoandika, sikusubiri kuona kama wiketi itaanguka. Mpigaji aliyekuwa anacheza bila kufikiri amelazimishwa kufikiri.

Mapumziko ya maji ova ya 30 mwendee kepteni muulize, bila kumpa muda wa kugeukia ubao: nani kabakiza ova ngapi? Anayefaa anakujibu pale pale, fulani tatu, fulani mbili, yule mkongwe nne namuweka mwisho. Hesabu yenyewe sio ngumu ila inataka kukaa kichwani masaa matatu na nusu mfululizo. Boula wako bora ana 10, ukimpa tano na mpira mpya na mbili katikati kuvunja ushirikiano unabaki na tatu za mwisho. Ukimpa saba mwanzoni kwa tamaa, ova ya 46 unampa mpira mtu ambaye hakutakiwa kuwa pale. Na kuna kosa la upande wa pili, timu imefungwa ova ya 47 na boula bora ana ova tatu mfukoni, zinamsaidia nani hizo? Awe pia anaangalia saa, siku hizi kwenye mechi za ODI (za ova 50 za kimataifa) ukichelewesha ova unapunguziwa fildi mmoja nje ya duara mwishoni, yaani unaadhibiwa pale pale unapohitaji watu wa baundari.

Alafu kuna jambo la kwetu kabisa. Kepteni akiwa na miaka 23 na boula wake ana 36, huyo kijana asubuhi kamwamkia shikamoo, na saa tano anatakiwa amwambie pumzika, unapigwa. Wengine wanashindwa, wanamwachia kaka mkubwa ova mbili zaidi kwa heshima, rani 25 zimeenda. Wengine wanamnyang'anya mpira mbele za watu na wamempoteza mzee kwa safari nzima. Unayemtafuta ni yule anayemfuata mpaka alipo, anamwambia kwa sauti ya chini "kaka, pumzika kidogo, nakuhitaji ova ya 42 ule upande wa upepo", na ikifika ova ya 42 kweli anampa. Hiyo ya pili ndio inafanya ya kwanza ikubalike.

Lugha nayo iangalie. Timu yetu ina watu wanaoongea Kiswahili nyumbani, na wanaoongea Kigujarati au Kihindi nyumbani, na mwamuzi na mechi refa mnaongea nao Kiingereza. Kepteni sio lazima ajue zote, ila awe anaweza kumfikia kila mtu kwa ile anayofikiria nayo akiwa na presha. Na angalia wakati wa chakula anakaa wapi. Kama kila siku anakaa na watu wale wale watatu wa klabu yake, wengine wameshaliona hilo kabla yako.

Ujasiri je? Upo, lakini utafute ule wenye sababu. Martin Crowe, kepteni wa New Zealand Kombe la Dunia 1992, alijua hana boula wa kasi wa kutisha, basi akampa spina Dipak Patel mpira mpya dhidi ya Australia pale Auckland, mechi ya ufunguzi, na New Zealand wakashinda mechi saba mfululizo. Dhoni, kepteni wa India, fainali ya Kombe la Dunia 2011 Mumbai aliingia kupiga kabla ya Yuvraj ambaye ndio alikuwa kwenye fomu ya mashindano, sababu mojawapo Muralitharan, spina wa Sri Lanka, alikuwa anarusha na Dhoni alimzoea kwenye mazoezi ya klabu moja, akamaliza na 91 bila kutoka. Kwaiyo mtahiniwa wako akifanya kitu cha ajabu kwenye majaribio muulize jioni kwa nini. Akiwa na jibu, hata kama halikufanya kazi, mpe alama.

Msaidizi wa kepteni usimpe mtu kama zawadi ya kumtuliza. Huyo huyo Crowe, nusu fainali dhidi ya Pakistan alipiga 91, akaumia msuli wa nyuma ya paja, akabaki nje wakati wa kufildi, John Wright akaongoza, na Inzamam akapiga 60 kwa mipira 37, plani zote zilikuwa kichwani mwa mtu aliyekaa benchi. Msaidizi awepo kwenye kila kikao, aijue ile hesabu ya ova, na awe ameongoza angalau mechi moja ya ova 50 kabla ya safari.

Kamati yenyewe iwe ndogo, watu watatu na kocha, kepteni asikilizwe baada ya kuteuliwa lakini asipige kura ya jina lake. Akijadiliwa mtoto wa mtu au mchezaji wa klabu ya mtu, huyo mtu atoke nje ya chumba, bila kununa. Kila jina liandikiwe kazi yake kwa sentensi moja: "anarusha ova 11 mpaka 40, anapiga namba nane". Jina lisilopata sentensi linatoka. Kikosi kiwe 14 au 15, na kumbuka raundi moja ya Challenge League ni mechi tano zilizobanana, kwaiyo boula wa kasi wa nne sio wa kupamba picha, atacheza mechi ya tatu wakati wa kwanza anapumzika. Na ukishapata kundi lako zuri kaa nalo. Afghanistan walikuja hapa hapa Dar Oktoba 2008 kwenye daraja la nne la dunia wakalichukua, kepteni Nowroz Mangal, kijana Mohammad Nabi akiwemo. Mwaka 2015 wapo Kombe la Dunia, Nabi ndio kepteni na Mangal bado yupo kikosini. Sisi tukifungwa mechi mbili tunabadilisha watu sita.

Kabla listi haijaingia kwenye magrupu ya WhatsApp, mpigie simu kila aliyeachwa. Wewe mwenyewe, sio katibu. Mwambie kazi ipi ilikuwa inagombewa, nani kaipata, na yeye afanye nini ili aipate, mfano "punguza doti dhidi ya spini, kwenye mechi mbili ulikuwa na 31". Mtu anayejua namba yake anarudi neti kesho yake. Aliyeona listi bila jina lake kwenye simu ya mwenzake anaacha mchezo, na tumewapoteza wengi kwa namna hiyo.

Listi itoke wiki sita kabla ya safari, mcheze mechi mbili za ova 50 mkiwa kikosi kile kile, na wale watatu wa akiba waendelee na mazoezi na wenzao na wapewe posho ile ile. Pasi zao pia zikusanywe, ziwe na zaidi ya miezi sita, na kadi za homa ya manjano za watu wote 18 ziwekwe kwenye bahasha moja na meneja, maana boula wa nafasi ya 16 huwa anaitwa Jumatano usiku na ndege ni Alhamisi asubuhi.